Mkono wa Mwisho kwenye Ubavu wa Matilida

Mng'ao wa boti ni kitu unachoiongezea, au ni kitu unachoiondolea? Niliulizwa swali hilo siku yangu ya kwanza kazini, kabla hata sijaonyeshwa mahali pa kuweka mkoba, na mimi niliyekuwa na digrii ya sayansi nilijibu kisayansi. Nilieleza habari za mwanga, jinsi unavyogonga kitu laini na kurudi. Aliyeniuliza alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa adabu, kisha akasema, "Hiyo ni habari ya jua. Mimi nimeuliza habari ya boti."

Ninyi mnaobaki karakanani mnanijua kama mama anayepitisha kidole juu ya kila kazi kabla haijatoka mlangoni. Najua mnaniita Mama Msasa mkidhani sisikii. Mliniomba niandike yale niliyojifunza, na nimekubali kwa sharti kwamba sitaandika habari za vyeo wala mishahara. Karatasi zake ziko ofisini na hazina utamu. Nitaandika habari za mtu aliyenifundisha na boti moja tu, kwa sababu karibu kila kitu ninachokijua kilianzia hapo.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini, wakati wa Hali ya Hatari, ambapo kila mtu alitembea na karatasi mfukoni na kuzionyesha mara tatu kabla ya chakula cha mchana. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu Uganda, nikafundisha shule ya wasichana muhula mmoja. Mwalimu mkuu aliniambia kwamba maswali ni ya wanafunzi, si ya walimu. Nikafunga sanduku. Kazi niliyoipata baada ya hapo ilikuwa ya kutunza stoo ya rangi kwenye karakana ya boti, kando ya Ziwa Naivasha. Mama yangu kule Dundori alisikia. Akasema, "Nimeuza viazi miaka minne ndiyo uende kuhesabu makopo?"

Ziwa wakati huo lilikuwa limerudi nyuma sana. Reli za kuteremshia boti zilikuwa zimeongezwa na kuongezwa tena juu ya tope lililokauka, na kutoka mlango wa karakana ulitembea mwendo mzuri kabla ya kufika kwenye maji. Tajiri alikuwa Mzungu mrefu aliyetazama saa yake kila alipoanza sentensi na kila alipoimaliza, kwa hiyo wafanyakazi walimwita Bwana Saa. Seremala alikuwa Kiprotich, kijana wa rika langu, mwenye mikono mikubwa na mdomo usiochoka. Yeye ndiye aliyenipa jina la Digirii. "Digirii, leta misumari. Digirii, huko chuoni walikufundisha kubeba ndoo?"

Na fundi wa kung'arisha, yule aliyeniuliza swali, alikuwa Mzee Okelo. Alitoka upande wa Kisumu, na tangu ujana wake alikuwa amefanya kazi kwenye meli za ziwa kubwa. Alikuwa mfupi, kichwa kimejaa mvi, na alivaa koti moja la kahawia mvua na jua. Mkewe alikuwa amekufa. Nyumba yake ilikuwa chumba kimoja kwenye laini, safu ya nyumba za wafanyakazi, na chumba hicho kilikuwa cha kazi: ukiacha kazi, unaacha chumba.

Nilimfuata Mzee Okelo kwa sababu sikuamini alichokuwa akifanya. Boti za wakati huo zilikuwa za mbao, na ubavu juu ya mstari wa maji ulipakwa vanishi. Jua la Bonde la Ufa ni kali kwa vanishi. Miaka miwili na mbao inakuwa kama uso wa mtu aliyeugua. Wengine walikwangua zote na kupaka upya. Mzee alisema hiyo ni kumchuna mtu ngozi kwa sababu ana vumbi. Yeye aliosha ubavu kwa maji na sabuni, akianzia chini kwenda juu ili maji machafu yasichore mistari kwenye sehemu kavu. Kisha alisugua kwa msasa laini uliolowa, kufuata urefu wa mbao, kamwe si kwa kuzungusha. Palipochubuka alipaka vanishi na kusubiri wiki nyingi, mpaka ukucha ukibonyezwa hauachi alama. Halafu ndipo alipoleta vumbi lake.

Vumbi lenyewe lilikuwa jeupe, jepesi kama unga wa sima uliopepetwa mara kumi. Lilitoka Kariandusi, kwenye machimbo, na dereva mmoja wa lori alimletea kwa gunia. Mzee alilikoroga kwenye ndoo ya maji, akahesabu polepole hadi mia moja, kisha akamwaga maji ya juu kwenye ndoo nyingine. Kilichozama alikitupa. Kilichoendelea kuelea alikiacha kitulie usiku kucha, na asubuhi akakikausha. Hicho ndicho alichotumia kwa mkono wa mwisho, yaani msuguo wa kumalizia kazi, kwa kitambaa cha flaneli na maji kidogo.

Na wakati wa mkono wa mwisho, ilikuwa marufuku kuimba. Marufuku kupiga mluzi, marufuku kupiga nyundo, marufuku kuongea. Kiprotich aliniambia kwamba kelele huifanya vanishi inune. Nilikuwa sijaenda chuo kikuu ili niamini habari ya vanishi kununa. Siku moja nilisimama nyuma ya boti nikapiga mluzi wimbo mzima wa kanisani. Mzee aliweka kitambaa chini, akasubiri nimalize, akaanza upya ubao ule kutoka mwanzo. Hakunigombeza. Ubao mzima, dakika arobaini.

Niligombana na lile vumbi pia. Mchanga ukisugua mbao unachubua. Hili lilisugua na kuacha kioo. Nikachukua kidogo kwenye karatasi, nikaenda nalo mji wa jirani kwa bwana mmoja wa ofisi ya mifugo aliyekuwa na hadubini ya kutazamia damu ya ng'ombe. Akaniruhusu nitazame. Mpaka leo nikifumba macho naviona vile vitu. Nilitegemea kuona kokoto. Niliona visahani vya kioo vilivyotobolewa matundu kwa mistari iliyonyooka kuliko ya rula, na vijiti vyembamba, na vingine vilivyochongoka ncha zote mbili kama mitumbwi. Maelfu, katika chembe moja tu. Yule bwana aliniambia kuwa ni maganda ya mimea midogo ya majini, kwamba Kariandusi yote ilikuwa chini ya ziwa zamani, na mimea hiyo ilipokufa ilizama ikarundikana mpaka ikawa mlima mweupe. Nilirudi Naivasha nimekaa juu ya magunia ya lori, natazama bonde lile lote kavu, mbuzi na vumbi na miiba, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuwa na swali.

Nilipomwambia Mzee Okelo, aliacha kusugua. "Mitumbwi?"

"Midogo sana, Mzee. Ya kioo. Ukiibonyeza inavunjika, inakuwa midogo zaidi. Ndiyo maana haichubui."

Alifikiri. "Basi nilikuwa najua," akasema. "Ila sikujua kama nilikuwa najua."

Sasa nije kwa Matilida. Ilikuwa boti ya injini, ya zamani hata kwa wakati huo, ya mkulima wa upande wa Elmenteita. Ubavu wake ulikuwa wa mahogani nyekundu, umekaa chini ya banda la majani miaka ya vita na kupigwa jua miaka iliyofuata. Mwenyewe alitaka ing'ae kama alipoinunua. Vanishi mpya ilikuwa imekwishapakwa na kukauka; ilibaki kung'arisha tu. Bwana Saa naye alikuwa amepokea kutoka ng'ambo makopo ya polishi ya rangi ya asali, yenye harufu kali kama ya mafuta ya taa. Maandishi ya kopo yalisema kazi ya wiki ingefanywa kwa siku moja.

Hapa ndipo nilipofanya kosa. Bwana Saa alisimama mlangoni akilisifu kopo, nami, kwa kuwa sikuweza kuona jambo bila kutaka kulipima, nikasema, "Bwana, jaribu vyote viwili. Ubavu mmoja kopo, mwingine vumbi la Mzee. Jumamosi utazame."

Akatazama saa. "Sawa. Wewe fanya ya kopo. Okelo fanya ya vumbi. Kama kopo nashinda, mimi hapana hitaji fundi ya vumbi."

Sikuwa nimefikiria sentensi hiyo ya mwisho. Nilikuwa nimefikiria jaribio tu. Kiprotich alinitazama kama mtu aliyekanyagiwa mguu. "Digirii," akasema, "siku nyingine ukitaka kupima kitu, pima mbao."

Tuligawana boti. Ubavu uliotazama ziwa ulikuwa wa Mzee, na ule uliotazama stoo ulikuwa wangu. Siku ya pili nilikwenda upande wake kuteka maji, na bila kukusudia nikasogeza beseni lake hatua moja. Mzee akanyoosha mkono na kitambaa. Mkono ukateremka mpaka ukagusa udongo mahali beseni lilipokuwa. Ukatulia hapo.

"Rudisha beseni, Digirii."

Nililirudisha. Nikachuchumaa mbele yake, nikamtazama usoni kama nilivyopaswa kumtazama tangu siku ya kwanza. Macho yote mawili yalikuwa na utando wa rangi ya maziwa.

"Tangu lini, Mzee?"

"La kushoto muda mrefu. La kulia bado linaona mlango uko wapi."

"Na mng'ao? Unauonaje?"

"Mng'ao sioni. Nasikia." Akanishika kichwa kwa mikono miwili kama anamshika mtoto, akalaza sikio langu kwenye kipande cha ubao wa vanishi alichojaribia vumbi lake kando ya boti. "Nyamaza, nyathina." Kwao neno hilo ni mtoto wangu. Akaanza kusugua.

Mwanzoni nilisikia mkwaruzo, kama mtu anatembea kwenye nyasi kavu mbali sana. Akaendelea, mkono ukienda na kurudi bila haraka. Sauti ikapungua ukali, ikawa kama mvua inayonyesha shamba la jirani. Nilidhani tumefika. Akaendelea. Kisha, sijui kwa neno gani niseme, sauti iliondoka na kikabaki kitu kama pumzi. Mzee akainua kitambaa papo hapo.

"Hapo," akasema. "Ukiacha kabla, ina ukungu. Ukipitisha, vanishi inapata joto, inavutika, umeharibu. Ni hapo tu."

Niliinua kichwa nikatazama ubao. Niliona uso wangu, na nyuma ya uso wangu mawingu juu ya ziwa, na ndege mmoja akipita ndani ya mbao. Yule aliyefanya hivyo hakuweza kukiona hata kimoja. Nilikuwa nimepiga mluzi kwenye masikio ya mtu huyu.

Jioni hiyo nilimwendea Bwana Saa kumwomba afute jaribio. Nilisema nimefikiri vizuri na halina maana. Akaniambia kwamba yeye pia amefikiri na lina maana. Sababu ya kweli sikuweza kuisema.

Ijumaa alasiri Bwana Saa akaamuru boti igeuzwe kwenye reli, mbele iwe nyuma, kwa sababu jua lilikuwa linapiga ubavu mmoja tu na alitaka haki sawa. Kiprotich na wenzake waliigeuza. Mzee alikuwa amekwishaenda nyumbani. Ubavu wake ulikuwa umebakiza kazi moja, mkono wa mwisho, aliokuwa ameupangia Jumamosi asubuhi kukiwa na utulivu, kabla upepo wa ziwa haujaamka. Wangu nilikuwa nimeumaliza kwa kopo. Ulikuwa unang'aa, lakini kwa ukungu, kama kioo alichohemea mtu. Nilitumaini kwamba nitashindwa.

Jumamosi saa mbili Bwana Saa alifika na kiberiti na futi ya seremala. Alishika kiberiti mbele ya ubavu, akasoma maandishi yake ndani ya mbao, akakirudisha nyuma polepole mpaka herufi zilipopotea, Kiprotich akapima. Kwenye ubavu wa Mzee herufi zilipotea kabla ya shibiri moja. Kwenye ubavu wangu alienda nyuma mkono mzima, na bado alikuwa anasoma.

"Kopo nashinda," akasema. "Okelo, mwisho ya mwezi."

"Ndiyo, bwana," Mzee akasema. Akakunja kitambaa mara nne, akakitia mfukoni, akaondoka.

Mimi nilibaki nikiutazama ubavu wangu, kwa sababu haukuwa ubavu niliouacha Ijumaa. Ule ukungu haukuwepo. Nikapitisha ukucha kwenye kiungo kati ya mbao mbili, na kwenye ukucha kukabaki unga mweupe. Kopo langu lilikuwa la rangi ya asali. Nikaelewa mara moja, au nilidhani nimeelewa: Mzee alikuja alfajiri, akaenda kwenye ubavu unaotazama ziwa kama siku zote, na hakuona kwamba boti imegeuzwa. Alikuwa ameutia mkono wake wa mwisho kwenye kazi yangu.

Nilimfuata mpaka kwenye laini. Alikuwa ameketi mlangoni akimenya ndizi.

"Mzee, asubuhi ulisugua ubavu gani?"

"Wa ziwani."

"Boti iligeuzwa jana."

Alimaliza kumenya. "Iligeuzwa," akasema. "Basi. Mzee ni mzee."

"Nitamwambia Bwana Saa kwamba kilichoshinda ni vumbi lako."

"Atauliza kwa nini fundi hakujua upande wake. Utamjibu nini?"

Hilo ndilo lililokuwa gumu. Nikinyamaza, kopo limeshinda na Mzee ametoka. Nikisema kweli, kila mtu atajua kwamba fundi wa kung'arisha haoni, na Mzee ametoka. Nilizunguka ufukweni mpaka soksi zikajaa tope. Kisha nikaenda ofisini nikasema uongo wa kwanza wa maisha yangu ya kazi.

"Bwana, nilidanganya. Kopo liliacha ukungu, nikaona aibu, nikasugua ubavu wangu kwa vumbi la Mzee. Ndiyo maana umeng'aa. Wake haukupata mkono wa mwisho kwa sababu nilimaliza vumbi lote lililokuwa tayari."

Bwana Saa alisahau kutazama saa. "Wewe danganya mara moja, sasa mimi taamini nini? Jumatatu fanya hapa. Mimi tasimama."

Jumatatu alisimama kweli, na Kiprotich, na wapaka rangi wawili. Mzee Okelo aliketi kwenye kigogo karibu na mlango. Nilipewa ubao mmoja wa ubavu wake, ule wa juu, na bakuli la vumbi jeupe. Nilikuwa sijawahi kufanya mkono wa mwisho hata mara moja. Kama ningeacha mapema ungebaki na ukungu, na kama ningepitisha ningeunguza vanishi. Vyovyote vile, chumba cha Mzee kingekwenda.

Mpaka rangi mmoja alianza kuimba kwa sauti ya chini. Kiprotich akamgeukia. "Funga mdomo. Vanishi itanuna."

Nilifumba macho. Mwanzoni sikusikia kitu ila moyo wangu. Kisha nyasi kavu zikaja. Niliendelea, mkono wa kulia ukiuma mpaka begani. Mvua ikaja kwenye shamba la jirani, ikakaa muda mrefu mno, nikaingiwa na hofu kwamba nimekwishapita na sikujua. Halafu ikaondoka. Nikainua kitambaa.

Bwana Saa alishika kiberiti, akarudi nyuma. Mkono mzima. Akarudi nyuma zaidi, hatua nzima, akiwa ameinama kama mtu anayechungulia dirishani. Sidhani alikuwa bado anasoma kiberiti.

"Okelo nabaki," akasema mwishowe. "Wewe Digirii toka stoo. Hapana taka mwongo kwa stoo. Wewe tasugua na huyu mzee mpaka mimi nasema basi."

Alidhani ni adhabu. Nilijitahidi kuonekana nimehuzunika.

Nilipopita kwenye kigogo, Mzee alisema bila kugeuka, "Ulichelewa kidogo."

Nilisugua naye mpaka miaka ile ya hamsini ilipokaribia kwisha. Mimi nilimchanganyia vanishi na kumwambia palipochubuka. Yeye aliniambia lini niache. Wakati jicho la kulia lilipofunga kabisa alirudi kwao mwenyewe, kwa heshima, na Bwana Saa alimpa mkono na kumwambia kwamba hajawahi kuona fundi mwenye jicho kama lake. Mzee alimshukuru.

Kwa hiyo, ninyi wa boti za faiba na mashine za umeme, nawaachia machache. Osheni kutoka chini kwenda juu. Msisugue vanishi ambayo ukucha bado unaiachia alama. Mashine ikianza kubadilisha sauti, izimeni kwanza, kisha ndipo mtazame. Na mtu akiomba kimya karakanani, mpeni kimya kabla ya kumwuliza sababu.

Mwezi uliopita mliponiandalia chai ya kuniaga, mliona mzee mrefu mwenye mikono mikubwa akiingia na kofia mkononi. Huyo alikuwa Kiprotich. Mlipokuwa mnakata keki alinivuta kando, akaniambia jambo ambalo Mzee Okelo alimkataza kulisema maadamu yeye Mzee yu hai. Asubuhi ile ya Jumamosi Kiprotich alikuwepo, anakaza kabari za reli. Mzee alifika, akaweka kiganja kwenye boti, akanusa, akauliza, "Hii mmegeuza?" Kiprotich akamwambia ndiyo, ubavu wako uko stoo, huu ni wa Digirii. Mzee akausugua kidogo kwa flaneli kavu, akasikiliza.

"Huu haujaisha," akasema. "Wakimcheka mtoto leo, kesho atarudi kwa makopo yake ya stoo."

"Na wako je, Mzee?"

"Wakati ukibaki, nitaufikia."

Alianza na wangu. Bwana Saa alipofika saa mbili kamili, Mzee alikuwa ndiyo kwanza ameinua kitambaa kwenye ubao wangu wa mwisho, na ubavu wake mwenyewe ulikuwa bado haujaguswa.